Kibao Namba Kumi na Mbili

Uongo wenyewe Murdo Geddes hakuupanga. Ulimponyoka gatini, kwenye bandari ya Bluff, asubuhi ya manyunyu, pale kiongozi wa safari, Tamsin, aliposimama mbele yake na karatasi ya majina akauliza, "Mzee Murdo, Moira bado? Tumfute?"

Angesema "tumsubiri" au "amekwama wapi," Murdo angemjibu kama mtu mzima. Lakini tumfute! Mtu anafutwa hivihivi, mvua inanyesha, kalamu iko tayari mkononi.

"Yupo," alisema. "Ameshashuka chini, amelala. Safari ya jana imemchosha."

Tamsin alikuwa na mizigo ya watu ishirini ya kupakia, na mpishi anagombana na mtu wa maziwa. Akatia alama kwenye jina akaenda zake. Meli hiyo, Toroa, ni ndogo, ya kujuana. Ukikaa humo siku mbili unajua hata nani anakoroma. Ila hii ilikuwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza mtu unaweza kumdanganya yeyote.

Murdo hakuwa mwongo. Tuliseme hilo mapema, maana mbele ya safari litamsaidia. Miaka yote aliyofuga kondoo kule juu ya mji wa Gore hakuwahi kumuuzia mtu kondoo mgonjwa. Alichotaka asubuhi ile ni muda kidogo tu. Aliona bado kuna uwezekano teksi ikakata kona pale kwenye maghala ya chaza, Moira akashuka na begi begani, akimfokea dereva. Alisimama sitahani akiikodolea macho kona ile mpaka kamba zikafunguliwa, mpaka maji meusi yakatanuka kati ya meli na gati, mpaka kona yenyewe ikapotea. Teksi haikuja.

Moira ni mwanawe wa pekee, na wakati huo alikuwa Perth, ng'ambo kabisa ya Australia, akiendesha malori makubwa ya mgodini. Alikwenda huko mwaka ule Murdo alipouza shamba. Murdo aliliuza baada ya kumzika mkewe, akawapa watu wa kupanda misonobari, bila kumuuliza binti ambaye tangu utoto alijua, na kila mtu pale bondeni alijua, kwamba shamba lile ni lake. "Ungeniuliza tu, Baba," Moira alisema siku hiyo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Tangu hapo wamebaki kupeana salamu za Krismasi na za siku ya kuzaliwa, basi.

Kwa hiyo mwaka huu mzee alikata tiketi mbili za safari ya visiwa. Moira alipokuwa mdogo hakuna kitu alichokitamani kama kumwona kiwi wa porini, tena mchana. Kiwi ndege, jamani, si ile ya kung'arishia viatu. Kiwi hutembea usiku. Kule visiwa vya kusini tu ndiko anakojisahau mara mojamoja akatoka mchana. Murdo akamtumia binti tarehe kwenye simu. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja lilikuwa hili: "Tutaona, Baba."

Mimi na wewe tunajua maana ya "tutaona." Murdo naye alijua. Lakini mtu anayeishi peke yake hulitwisha neno dogo mzigo mkubwa. Alilisoma kila asubuhi jikoni, akisubiri birika lichemke, na kadiri alivyolisoma ndivyo lilivyozidi kufanana na "ndiyo."

*

Mlango-bahari wa Foveaux ulikuwa umechafuka kama kawaida yake. Albatrosi waliifuata meli, mabawa wameyanyoosha bila kuyapiga, wakipita karibu hata ukaona jicho la ndege likikukagua. Watu wakajazana nyuma na madarubini yao. Wengine walijazana ukingoni kwa sababu nyingine, nao hawakuwa na haja ya darubini.

"Wewe ndiye baba wa huyo aliyelala?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu nyekundu. Alijitaja kuwa ni Nola, mwenyeji wa Bluff, aliyefungua chaza kiwandani maisha yake yote mpaka akastaafu. Alisafiri na dada yake, Dulcie, ambaye si bubu, ila tangu wazaliwe hajapewa nafasi ya kusema.

"Ndiye mimi," Murdo alisema.

"Anatapika?"

"Kidogo."

"Kidogo maana yake sana, wanaume hamjui." Nola akaingiza mkono mfukoni akatoa pakiti. "Mpelekee hizi biskuti za tangawizi. Ale kavukavu, asijaze maji tumboni. Ana umri gani?"

"Anakaribia arobaini."

"Ameolewa?"

"Nola!" Dulcie alisema.

"Nauliza tu. Si tuna yule mpwa wetu anayeota ukungu pale nyumbani?"

Murdo akacheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe. Akateremka chumbani. Kulikuwa na vitanda viwili, kimoja kimevurugika, kingine kimetandikwa vizuri na taulo limekunjwa juu yake. Akakaa kwenye hicho kilichotandikwa na kuzila biskuti za Moira moja baada ya nyingine, maana kuzirudisha asingeweza, na kuzitupa baharini aliona ni dhambi. Kisha akalinyoosha shuka pale alipokalia.

Chakula cha mchana kilikuwa mikate ya kukunja yenye jibini na supu. Nola hakumwachia nafasi. Alijaza sahani ya pili akamshikisha. Murdo akaipeleka chini, akaila pia, tumbo likalalamika. Alipopanda na sahani tupu, meza nzima ilishangilia.

"Huyo amepona!" akasema Desmond, daktari wa meno mstaafu aliyejiteua kuwa mchekeshaji wa safari. "Mgonjwa gani anafuta sahani hivyo?"

"Moira ni mlaji," Murdo alisema. "Tangu mdogo. Siku za kukata manyoya ya kondoo alikuwa anakula na wakataji, na hawamshindi."

Basi wakataka kusikia zaidi. Murdo akawasimulia jinsi Moira alivyomlea mwanakondoo ndani ya kabati la nguo, na jinsi alivyowahi kuendesha trekta mpaka kwenye bwawa. Walicheka, wakauliza, wakamtaja kwa jina kana kwamba wanamjua. Hapo ndipo penye ubaya wa jambo lenyewe: Murdo alikuwa anafurahi. Kule mjini Gore, katika kijumba chake cha wastaafu, miaka ilikuwa imepita bila mtu hata mmoja kumuuliza, "Moira hajambo?" Sasa watu wageni walimuuliza kila alipopita, na kila mara yeye alikuwa na jibu.

*

Alasiri wakatia nanga mbele ya kisiwa kidogo kusini mwa kile kikubwa cha Rakiura, kile mabaharia wanachokiita Kisiwa cha Ngumi. Nahodha Skerrett aliwakusanya wote mbele ya mlango wa kushukia kwenye maboti ya mpira. Pale pana ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kumening'inia kibao chenye namba. Upande mweupe maana yake uko melini. Upande mwekundu, uko nchi kavu.

"Unageuza unaposhuka, unageuza unaporudi," Nahodha alisema, akiwatazama mmoja mmoja kama mwalimu anayemtafuta aliyeiba chaki. "Msiniambie mtu alikuwa nyuma yenu. Msiniambie mmemwona chooni. Mimi sihesabu vichwa, vichwa vinatembea. Nahesabu vibao. Kukiwa na chekundu kimoja, meli haiondoki."

Kibao cha Murdo kilikuwa kumi na moja. Cha Moira, kumi na mbili.

Boti ya kwanza iliwachukua wale wa njia ndefu, wenye magoti mazima. Murdo alivuta muda, akifunga na kufungua zipu ya koti. Alidhani Nola ameshaondoka. Kumbe!

"Sasa huyu mtoto atakuja mpaka huku aishie kutazama dari?" Nola alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kuteremkia vyumbani. "Ngoja nimfuate. Nitamsugua mgongo, atainuka tu."

"Ameshatoka!" Murdo alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Amekwenda na boti ya kwanza. Na wale wa njia ndefu."

"Amenipitia wapi? Nimekaa hapa mlangoni muda wote."

"Ana haraka. Siku zote ana haraka."

Nola akauangalia ubao. "Haya, na kibao chake kimebaki cheupe. Vijana hawa! Kigeuze, baba mtu, kabla Nahodha hajamla mtu mzimamzima."

Murdo akakigeuza kibao chake, halafu kile cha pili. Viwili vikakaa pale vyekundu ubavuni kwa ubavu, na kwa kitambo alichosimama kuvitazama alijisikia vizuri, kama mtu aliyeshuka kisiwani na mwanawe.

*

Kwa wale wa njia fupi kiongozi alikuwa Tamsin. Pwani simba-bahari walikuwa wamejilaza kama magunia, na mmoja dume akainuka akawafokea, Desmond akawa wa kwanza kukimbia. Pengwini wawili wenye macho ya manjano walipanda kutoka majini, wakasimama, wakakumbuka kitu, wakarudi majini. Ndege mmoja wa kahawia asiyeruka, weka, aliiba glavu ya Dulcie akaingia nayo vichakani, na Dulcie akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu asubuhi.

"Na kiwi tutamwona?" mtu mmoja aliuliza.

"Tutaona," Tamsin alijibu.

Murdo akajikwaa kwenye mzizi.

"Pole, mzee. Utembee polepole."

"Natembea polepole," alisema, na tangu hapo akazidi kubaki nyuma. Hakutaka kuwa karibu na Nola watakapokutana na wale wa njia ndefu, akaulizwa binti yuko wapi. Akawaacha wapande kilima, akashika kijia cha kushoto kilichoteremka mpaka kwenye kipwani kidogo, kilichojaa mwani uliotupwa na bahari. Akakaa kwenye gogo. Kasuku wa msituni walipiga kelele juu yake kisha wakanyamaza.

Kiwi akatoka kwenye majani makavu karibu na mguu wake wa kulia.

Hakutoka kwa kunyata. Alitoka kama mama mwenye nyumba anayekwenda kuangalia nguo kambani, mnene, manyoya yamemvurugika, akiguna peke yake. Akashuka kwenye mwani akaanza kudunga mdomo wake mrefu mchangani, akila vidudu, na kila baada ya kudunga alipiga chafya ndogo kutoa mchanga puani. Kiwi pua yake iko kwenye ncha ya mdomo; hali vizuri bila kupiga chafya. Alikaribia mpaka akadunga kando ya buti la Murdo, akalinusa buti, akaliona halina maana, akapita.

Murdo aligeuka upande wake wa kushoto, uso umemjaa furaha, akanong'ona, "Moira, tazama."

Kushoto kwake kulikuwa na gogo tu.

Umri wake wote alikuwa amejiambia kwamba kukaa peke yake hakumsumbui, kwamba baadhi ya watu wameumbwa hivyo. Sasa alikaa na jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, na halikuwa na pa kwenda. Lilimkwama kifuani likamuuma. Kiwi akala mpaka akatosheka, akapanda ukingoni, akaingia majani, na Murdo akaendelea kukaa pale akiwa na hamu ya kulia kama mtoto. Hakulia. Honi ya meli ilimwinua.

*

Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini, ule wenye barafu ndani yake, na Nahodha alitaka watu wake mapema. Kwenye maboti kila mtu aliinamisha kichwa, maji yakiwapiga. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mlangoni pa meli walisukumana, wakavua majaketi, wakageuza vibao harakaharaka. Murdo naye akafika mbele ya ubao na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya nyumbani: kikombe kimoja, sahani moja, taa moja. Akageuza kibao kimoja. Akateremka chumbani, akavua mabuti, akajinyoosha na nguo zake zenye unyevu, usingizi ukamchukua.

Alipoamka, meli ilikuwa bado imetia nanga, honi inalia, inanyamaza, inalia tena. Akajua kabla hajafika sitahani. Akapanda ngazi na soksi.

Sitaha ilikuwa karibu tupu. Maboti yote mawili hayapo. Mwanga ulikuwa unapungua, na kule pwani taa ndogondogo zilitembea huku na huko kando ya msitu. Halafu upepo ukatulia kidogo, na sauti zikavuka maji.

"Moiraaa!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Nola, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za kiwanda. Nyingine ikamfuata, nyembamba, pengine ya Dulcie. Kisha ya Desmond. Kisha wengi kwa pamoja, wazee wa watu waliokuwa wakikauka mbele ya chai, wamerudi kwenye upepo ule kwa ajili ya msichana ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona.

"Moira! Moiraaa!"

Angepaswa kukimbia hapohapo mpaka kwa Nahodha. Najua, na yeye alijua. Lakini alishika ukingo wa meli kwa mikono miwili akasikiliza. Kwa miaka jina lile lilikuwa likiishi kichwani mwake tu, na mara moja moja kwenye kadi ya Krismasi. Sasa kisiwa kizima kililiita, na mwambao ukalirudisha. Mungu amsamehe, alilisikiliza mara kadhaa zaidi ya ilivyofaa.

Mkono ukamgusa begani. Alikuwa Nahodha Skerrett, redio mkononi, uso umemlainika.

"Nilisema usiamshwe kwanza, mzee. Nilitaka tukuamshe tukiwa naye. Tutampata. Kisiwa ni kidogo." Akainua redio. "Tamsin, upande huu hakuna kitu. Zungusha boti moja kule nyuma, kwenye miamba ya nje. Uangalie sana wimbi."

"Nimekusikia, Nahodha," redio ikajibu. "Niko na Nola na Dulcie, wamekataa kushuka. Tunakwenda."

Murdo aliiona taa ya boti ikiachana na pwani, ikielekea pale bahari ilipokuwa ikipanda nyeupe juu ya ncha ya kisiwa. Ikainuka, ikapotea, ikainuka tena.

"Mwambie arudi," alisema.

"Mzee, tulia—"

"Mwambie arudi! Hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Hayupo kisiwani. Hayumo melini." Akauachia ukingo wa meli. "Hakuja. Mwanangu hakuja."

Nahodha aliitazama taa ya boti. Kisha akaileta redio mdomoni, akasema kwa utulivu uliotisha, "Tamsin, geuza sasa hivi. Rudini wote. Hakuna aliyepotea." Na alipoishusha hakupaza sauti. "Nina watu wa miaka sabini juu ya miamba kwa ajili yako. Unanielewa? Bi Dulcie amefungwa kifaa moyoni."

"Naelewa."

"Huelewi. Njoo."

Akamwongoza mpaka kwenye ubao. Vibao vyote vya wasafiri waliokwenda kutafuta vilikuwa vyekundu tena, na katikati yao kumi na mbili. Nahodha akamwonyesha kwa kidevu. Murdo akainua mkono akigeuze, akakishika, akakwama. Akikigeuza kitasema Moira yuko melini. Akikiacha kitasema yuko kisiwani. Kibao kina pande mbili tu, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa kweli. Mwishowe akakitoa kwenye msumari, akamkabidhi Nahodha, na msumari ukabaki mtupu.

*

Walirudi wamelowa mpaka ndani ya mifupa. Walipita mbele yake mmoja mmoja wakigeuza vibao, na hakuna aliyemtukana, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia. Tamsin alitingisha kichwa tu. Nola alikuwa wa mwisho. Kofia nyekundu ilikuwa inachuruzika maji, na alipofungua mdomo sauti yake yote ilikuwa imekwisha, umebaki mkwaruzo.

"Ulizila wewe zile biskuti?"

"Nilizila mimi."

"Zote?"

"Zote, mama. Nisamehe."

Nola akamtazama juu mpaka chini, mpaka kwenye soksi zilizolowa, akaenda kubadilisha nguo.

Chakula cha usiku Murdo alikaa kwenye meza yake na kiti kitupu mbele yake. Meza nyingine zilinong'ona. Mpishi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alileta sahani mbili za samaki, akaona nyuso za watu, akaondoka na moja. Murdo alitamani sakafu ifunguke. Alitamani awe Gore, mlango umefungwa, birika limewekwa.

Kwenye Toroa kuna desturi: chakula kikiisha, watu huzunguka meza kwa meza, kila mtu anataja kitu kimoja alichokiona siku hiyo, na Tamsin anakiandika kwa chaki ukutani. Wakataja albatrosi. Wakataja pengwini waliosahau kitu. Dulcie akataja mwizi wa glavu, wakacheka kwa kuchoka. Wale wa njia ndefu walisema wamemtafuta kiwi kila mahali, hata unyoya hawakuuona. Zamu ikafika kwa Murdo, na Tamsin, kwa kumhurumia, akawa anataka kumruka.

"Mimi nimemwona kiwi," Murdo alisema.

Watu wakageuka kumtazama. Mtu akakohoa.

"Mchana?" Desmond aliuliza. "Naye alikuwa amelala chini, anaumwa bahari?"

Baadhi wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Tamsin alishika chaki bila kuandika. Nani angemlaumu? Murdo aliinamia sahani yake. Angeweza kusema ametania, wamsahau.

"Alikuwa anafanya nini?" Ule mkwaruzo ulitoka meza ya pili. Nola alikuwa amejifunga blanketi, kikombe kiko mikononi.

"Alikuwa anakula," Murdo alisema. "Kwenye mwani. Anadunga mchanga, halafu anapiga chafya. Anadunga, anapiga chafya. Alikuja mpaka kwenye buti langu akalinusa. Nadhani lilimnukia vibaya."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Na wewe ukafanya nini?" Nola aliuliza.

Murdo akafikiri, kwa sababu safari hii alitaka kusema sawasawa.

"Niligeuka," alisema, "nikamwambia Moira atazame."

Injini ilisikika ikinguruma chini ya miguu. Desmond aliangalia mikono yake. Tamsin akageuka ukutani akaandika neno moja, kiwi, kwa herufi kubwa, na chaki ikakatika katikati akaokota kipande akamalizia.

Nola aliinuka na blanketi lake na kikombe chake. Akavuka chumba, akavuta kile kiti kitupu, akakaa.

"Haya," alisema kwa sauti yake iliyokauka. "Lile trekta la bwawani. Dulcie hakulisikia vizuri. Anza mwanzo."